Mume Wangu Akataa Usingizi

Daktari Mureithi alichora moyo wa mume wangu kwenye karatasi, akatia alama mahali patatu palipoziba. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, waya mwembamba unapitishwa mkononi hadi moyoni, na vijibomba vinaachwa mle kutanua mishipa. Mgonjwa anakaa macho. Ya pili ni kulazwa usingizi, kifua kipasuliwe, mshipa wa mguuni uunganishwe moyoni ili damu ipate njia mpya.

"Kwa vile uko na sukari, na mishipa ni mitatu, mzee, mimi nakushauri ya pili," daktari alisema. "Kwako hiyo itadumu zaidi."

"Nachukua hiyo ya macho," Ledama akajibu, kama mtu anayechagua soda.

Binti yetu Resian, mwenye duka la nguo hapo Kitengela, alijaribu kusema neno. Babake akamnyamazisha kwa mkono. Tukarudi nyumbani Kajiado.

Simel, wa rika lake, akaja kumjulia hali. Walikubaliana upesi, kama kawaida yao. Mwanamume hukatwa akiwa macho, alisema Simel. Wao walipotahiriwa hakuna aliyepepesa jicho. Sasa Ledama alale kama mtoto, wageni wamfungue kifua, na asijue hata kama alilia?

Wazee hawa wana vitambi na dawa za presha, lakini ukiwasikiliza utadhani walitahiriwa wiki jana. Nilikasirika. Niliwapa chai, nikasubiri Simel aondoke.

"Mimi nililazwa usingizi, nikapasuliwa, Resian akatoka," nilimwambia Ledama. "Niliaibika wapi?"

"Hiyo ni mambo ya wanawake."

"Kisu ni kisu, Baba Resian."

Alizungusha kikombe kilichokwisha chai.

"Ulikubali kulala aje, na unajua wanakukata?"

Hapo ndipo nilipomwelewa. Aibu ilikuwa ya Simel. Ledama mwenyewe alikuwa anaogopa tu.

"Niliogopa," nikasema. "Sikujua kama nitaamka."

"Nani alikuwa na wewe?"

"Hakuna. Wewe ulikuwa soko ya Bissil na ng'ombe."

Sikulainisha. Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu Resian azaliwe, na sasa Resian ana watoto wake.

Nilidhani atainuka akaangalie zizi, kama afanyavyo maneno yakimshinda. Hakuinuka.

"Ambia Resian apigie daktari," akasema mwishowe. "Ni ile ya kulala." Kisha, bila kuniangalia: "Na wewe utakaa wapi?"

"Mlangoni."

"Mpaka nitoke?"

"Mpaka utoke."

Nilichukua simu kumpigia Resian. Nilibonyeza namba kwa hasira. Kumbe mtu huyu alijua kwamba anayelazwa usingizi huhitaji mtu mlangoni.