Miguu ya Nassimbwa

Nassimbwa aliudaka mpira juu kabisa, kwa mikono miwili, na mbele yake hakukuwa na mtu. Uwanja mzima ulikuwa wake. Jua la saa mbili asubuhi, nyasi za bandia, mstari wa mwisho uko pale pale, hatua ishirini tu, hata mimi na uzito wangu ningefika. Sote tukaruka. "Kimbia! Kimbia, Nassimbwa!" Yeye akatua, mguu wa kushoto kisha wa kulia, akasimama tuli kama mtu aliyekumbuka kwamba hakuzima jiko. Akageuka huku, akageuka kule, mpira kaukumbatia kifuani, anatafuta wa kumpa. Wapinzani wakaja kwa raha zao, mmoja akamchomoa utepe kiunoni, na mwamuzi akapiga filimbi.

Ilikuwa mara ya nne asubuhi ile. Nami nikakaa tena pembeni, mguu juu ya mguu, nikaandika kwenye daftari langu: Anadaka. Hakimbii. Mwoga.

Msije mkauliza nani alinipa mie daftari. Nilijipa mwenyewe. Mchezo wetu ni ule mpira wa Kimarekani, wenye umbo la yai, ila wa kistaarabu: hakuna kuangushana. Kila mchezaji amejifunga tepe mbili kiunoni, ukichomolewa mmoja umekamatika. Watano kwa watano, wanawake watupu, kila Ijumaa asubuhi, hapa mtaani kwetu Al Khoudh, Uarabuni. Mmoja ni mrushaji, anayeanza kila shambulio kwa kuutupa mpira mbele, na wenzake ni wadakaji; mpira ukivushwa mstari wa mwisho, ndilo bao. Mtoto wa dada yangu, Shatha, mfamasia wa miaka ishirini na mitatu mwenye mkono wa chuma, ndiye aliyeiunda timu. Siku ya kwanza aliuliza nani anaujua mchezo huu. Mkono wangu ukapanda wenyewe.

Nilisoma Amerika miaka minne, ndiyo. Na kila Jumamosi nilikwenda uwanjani na wenzangu, ndiyo. Lakini sikuwaambia kwamba nilikuwa nakwenda kwa ajili ya vibawa vya kuku, na mechi zenyewe nilizitazama kwa jicho moja. Nna miaka arubaini na tatu, nasomesha hesabu, watu wamezoea kuniamini. Basi nikawa mchezaji wa akiba, mshauri, na hakimu, vyote kwa mpigo.

Nassimbwa naye hakuja kwa mlango. Jioni moja ya Septemba Shatha alikuwa akijizoesha kwenye kichochoro cha nyuma ya nyumba ya mama, akautupa mpira ukavuka ukuta wa jirani. Tukasubiri kishindo. Kimya. Tukasikia mtu anauliza kwa Kiswahili cha bara, "Huu ni wa nani?" na mpira ukarudi juu ya ukuta, umelenga mikono ya Shatha barabara. Kupanda juu ya ndoo, tukamkuta binti mrefu katikati ya mashuka anayoanika, vibanio vya nguo mdomoni. Ametoka Uganda, anafanya kazi nyumba ile, na Ijumaa ndiyo siku yake ya mapumziko. Shatha hakuhitaji kusikia zaidi ya hapo.

Sasa turudi kwenye mechi ile. Ilikuwa ya tatu ya msimu, na tulifungwa kama zile mbili za mwanzo. Ligi ilitaka majina kumi ya kila timu, mwisho Ijumaa inayofuata, magharibi. Asiyeandikwa hachezi mpaka mwakani. Sisi tulikuwa kumi na moja, na sote tulijua kwamba hakimu ndiye atakayepunguza.

Timu yetu ina desturi moja, ya Shatha hiyo: la mtu husemwa mbele ya mtu, na husemwa kwenye chakula. Kwa hivyo mchana ule tulikuwa kwa mama, Bi Muhsina, tumeuzunguka sinia la wali na nyama, mama kakaa kitini kwa sababu ya magoti, na mie nikafungua daftari.

"Shatha, mrushaji. Mkono mzuri sana, hana wadakaji."

Shatha akatabasamu. Mtoto wa dada yangu, jamani, mlitaka niandike nini?

"Hajar. Anakimbia kama umeme. Hadaki."

Hajar akanyanyua vidole viwili vilivyofungwa plasta. "Teacher Manal, huyu Shatha hatupi, huyu anapiga! Mpira unakuja kama jiwe la kumpigia mwizi!" Watu wakacheka, na mie nikacheka.

"Nassimbwa. Anadaka. Hakimbii. Mwoga. Naona yeye ndiye apumzike."

Hapo hakucheka mtu.

Nassimbwa aliliweka tonge lake chini, taratibu. "Madam, mimi si mwoga," akasema. "Nikishika mpira, miguu inakataa. Naiambia twende, inakataa. Hata mimi sijui kwa nini." Kisha akaongeza, "Siku sita niko ndani ya ule ukuta. Ijumaa ndiyo siku yangu. Kama umeamua kunitoa, khalas, nitakubali. Lakini usiniandike mwoga."

Wallahi niliona haya, na mie nikiona haya huwa mkali, kwa hivyo nikaanza kumtajia idadi: alirushiwa kumi, alidaka tisa, alikimbia sifuri. Mama akanikata kauli.

"Hebu nyamaza kidogo. Mwanangu, inuka. Simama pale mlangoni."

Nassimbwa akainuka, hajui anaitiwa nini. Mama akauchomoa mto aliouegemea, akautupa juu, karibu na dari. Nassimbwa akaruka, akaudaka, akatua. Kushoto, kulia. Tuli. Na mama yangu, ambaye haondoki kitini bila ya kushikwa mkono, akaondoka mwenyewe, akaenda akasimama mbele yake, hatua moja kamili, akanyanyua mikono yote miwili juu kama anayemzibia njia.

Nassimbwa akapepesa macho. Halafu mwili wake ukamjibu mama kabla yeye hajafikiri. Akazunguka juu ya mguu mmoja, akainama, na mto ukapita ubavuni mwa mama ukamwangukia mwenzetu Malak mapajani.

"Ulicheza wapi?" mama akauliza, anahema.

Uso wa yule binti ulifunguka. "Shuleni, bibi. Masaka. Miaka saba."

"Ulikuwa nani?"

"Mfungaji."

"Mie senta," mama akasema. "Unguja, nna miaka kumi na nne, na magoti haya haya, wakati huo yakifanya kazi." Wakakumbatiana pale mlangoni, wanacheka, kama watu walioachana skuli moja. Kisha mama akanigeukia. "We Manal. Amerika yote ile, na netiboli huijui?"

Mie huyo, nimekaa na daftari langu. Nikafundishwa mbele ya watu kwamba kwenye netiboli ukishadaka hutembei. Unatua, unasimama, unampa mwenzio, haraka. Ukipiga hatua ya ziada, filimbi. Miaka saba ya filimbi, kila jioni, mpaka miguu imeshika adabu. Mtoto wa watu alikuwa anacheza vizuri mno, ila mchezo mwengine.

"Sawa," nikasema, maana sipendi kushindwa mbele ya sinia. "Sababu tumeijua. Lakini bado hakimbii, na mechi ni Ijumaa."

"Kwani lazima akimbie yeye?" Mama alishakaa, anajipepea na ncha ya mtandio. "Huyu anadaka hakimbii. Yule anakimbia hadaki. Na weye umewaandika kila mmoja ukurasa wake, umefunga kitabu. Sheria zenu zinakataza kumpa mpira mwenzio aliye nyuma?"

Hazikatazi. Kwenye ligi yetu, ukishadaka, unaweza kumrudishia aliye nyuma yako mara utakazo. Sheria hizo nilikuwa nazo mkobani, nimezipigia na mstari.

"Haya basi," mama akasema. "Leteni chai."

Wiki ile kichochoro cha nyuma hakikulala mchana. Kila alasiri, wakati wa kuanua nguo, Shatha anatupa mpira juu ya ukuta, Nassimbwa anaudaka kati ya mashuka, anazunguka, anaurudisha, na Hajar anaupokea mbioni upande wetu. Mpira wa Nassimbwa ulikuwa laini, unakuja mkononi kama kitu cha kupewa. Hajar hakuangusha hata mmoja. Siku ya tatu Bi Taghreed, mwenye nyumba ile, alitoka kuuliza kelele za nini. Siku ya nne alikuwa amekaa kwenye kivuli, anahesabu.

Ijumaa mama alikuja uwanjani na kiti chake. Shambulio la kwanza, Shatha akalivurumisha jiwe lake, Nassimbwa akalidaka, akasimama. Nikasikia mpinzani mmoja anamwambia mwenzake kwa Kiarabu, "Huyu ndiye yule anayeganda." Wakamjia kwa raha zao, kama kawaida. Nassimbwa akazunguka, akampa Hajar anayepita nyuma yake, na Hajar akaondoka. Walipogeuka alishafika. Tulipiga vigelegele mpaka watu wa uwanja wa pili wakasimamisha mechi yao kutazama.

Wakafunga, tukafunga. Hatimaye tulikuwa sawasawa, shambulio la mwisho, na wao walishajifunza. Shatha akarusha. Nassimbwa akadaka, akasimama, akazunguka. Hajar hayupo. Kateleza, kalala chali katikati ya uwanja, mtandio umemfunika macho. Wapinzani wawili wanakuja, na safari hii hawakuja kwa raha zao.

Nikafungua mdomo nipige kelele. Mama akanifinya paja. "Muache."

Nassimbwa akautazama mguu wake wa kulia. Akaunyanyua. Akauweka mbele. Kisha akamtazama mwamuzi, msichana wa chuo kikuu, filimbi iko mdomoni. Mwamuzi akamtazama yeye. Filimbi haikulia. Akapiga hatua ya pili, bado anamtazama. Ya tatu. Halafu nikamsikia anacheka, kutoka kule pembeni nilimsikia, na akakimbia. Loo! Alikimbia, jamani, viwiko nje, kichwa nyuma, anacheka njia nzima. Mkono wa mpinzani ukashika upepo. Akapita mstari, akapita koni, akapita makasha ya maji, akatokea kwenye maegesho ya magari, na ikabidi Malak amfuate kumwambia basi, inatosha, tumeshinda.

Mama alikuwa analia na kucheka, na mie vile vile. Sijui kama nimewahi kuipenda Ijumaa kama ile.

Kabla ya magharibi nilikaa kwenye baraza ya mama na simu, nikaandika majina kumi. Hili halikunichukua muda. Lililonichukua muda ni moja tu, lile la kufutwa, maana mtu hujipenda. Nassimbwa alikuwa amesimama mlangoni, viatu mkononi, anangoja kurudi upande wa pili wa ukuta. Hakuuliza. Nikampa simu asome mwenyewe.

Akasoma kwa kidole, midomo inacheza. Akafika mwisho.

"Madam, umejisahau."

"Sikujisahau."

Akanitazama kidogo, kisha akarudi kwenye simu. Adhana ikaanza msikitini, na nilikuwa bado sijabonyeza kutuma. Nikanyoosha mkono anirudishie. Hakunirudishia. Alikuwa analisoma tena jina lake.