Sahihi kwenye Nta

Ukitaka kujua mwongo wa hadithi hii ni nani, ni mimi. Nimedanganya miaka kumi na moja, tena kwa mwandiko mzuri.

Nilipoajiriwa na Asger Lindholt, kazi yangu ilikuwa kufagia karakana yake, huku kwetu pwani ya Jutland, na kumchemshia kahawa. Mzee alikuwa mchongaji mwenye jina. Alikuwa akiokota kome, chipukizi la mti, jiwe lililotobolewa na maji, kisha anakipunguza kitu hicho mpaka kibaki tumbo na mgongo tu. Alikifinyanga kwa nta, na nta ikaenda kusubiwa shaba, yaani shaba ya moto imiminwe ichukue umbo lake. Mwaka wa pili akapooza mkono wa kulia. Akawa anakaa kitini ananiamuru.

"Hapo toa. Hapa jaza. Bodil, hilo ni tumbo au mto wa kulalia?"

Nikatoa, nikajaza. Baadaye akaacha kuniamuru, kwa sababu hakuona cha kurekebisha. Hata sahihi nikawa namtilia mimi, A. Lindholt, kwa sindano, mkupuo mmoja. Watu tuliwaambia mkono umepona kidogo. Walifurahi sana, wakaagiza kazi nyingine, na sisi tukanasa.

Nilichukia, sifichi. Kila nikipita uwanja wa mji nawaona watoto wanateleza juu ya kome langu la shaba, na bibi zao wanasema mzee yule ana mikono ya ajabu. Nilitamani kupiga kelele. Lakini aibu ingemwangukia nani? Yeye, aliyenifundisha kila ninachokijua. Basi nikawa nanunua mkate wangu na kurudi kazini.

Machi iliyopita, baada ya dhoruba, niliokota ufukweni kifuko cha yai la taa, yule samaki bapa. Kilikuwa cheusi, kikavu, kina pembe nne, na upande mmoja kimepasuka pale mtoto alipotokea. Nilikaa nacho wiki sita. Nta ilipokamilika Asger akaniita niilete. Macho yake yamefifia siku hizi, kwa hiyo aliiweka mapajani akaipapasa kwa mkono wa kushoto, taratibu, mpaka kahawa yake ikapoa.

"Hii haikutoka kwangu," akasema.

"Mzee, kila kitu kimetoka kwako."

"Usinibembeleze. Mimi ningeifunga. Wewe umeiacha wazi, na umefanya vizuri. Andika jina lako."

Nilicheka kwa woga.

"Andika jina lako, mwanamke! Mimi nimechoka kuwa hodari."

Kesho yake niliendesha gari hadi kwa Viggo, anayetusubia shaba. Nikakaa kwenye benchi lake, nikachukua sindano, nikaandika B. Skaarup. Sikuwahi kuliandika kwenye nta. Sindano iliteleza, herufi zikaachana, moja imeinama, moja imenenepa. Niliiona mwenyewe kasoro, ila nilikuwa na furaha hata nikaona aibu kuonekana.

Viggo akaja, anafuta mikono kwenye aproni. Akaigeuza nta.

"Nani kachezea hapa?"

"Ni jina langu. Kazi ni yangu."

Akacheka mpaka machozi. "We Bodil we! Miaka thelathini namsubia Asger, mgongo wake naujua kuliko wa mke wangu. Huu ni wake. Na hiyo sahihi, hata mjukuu wangu angeghushi vizuri zaidi."

"Nimeutengeneza mimi, Viggo."

Kicheko kikakatika. Akanitazama kama mtu aliyemkuta jirani ndani ya ghala lake.

"Basi umemwibia mzee. Sasa hivi ambapo hawezi hata kuona."

Ili anisadiki ingebidi nimweleze habari za lile kome la uwanjani, na za kila kilichopita kwenye tanuri yake miaka hiyo yote. Ama mimi mwizi, ama Asger tapeli. Nilitafuta njia ya tatu nikaikosa, na Viggo alikuwa ameshanisogezea chuma cha moto.

"Futa. Kisha mpelekee mwenyewe atie sahihi yake."

Nikafuta. Nta ikayeyuka, jina langu likaenda nayo.

Kutoka kwa Viggo hadi nyumbani ni mwendo wa nusu saa. Sikwenda. Niliegesha gari nyuma ya banda la samaki, nikaiweka nta mapajani, nikachukua sindano. A. Lindholt. Mkupuo mmoja, kama kawaida. Kisha nikakaa humo garini saa nzima, vioo vimefungwa, ili muda wa kwenda na kurudi utimie. Nilikula mkate wangu wa ngano nyeusi nikilia, na nilikasirika zaidi kwamba nilikuwa na njaa.

"Umeona tofauti?" Viggo akaniuliza niliporudi.

"Nimeona."

Jioni Asger alikuwa ananingoja mlangoni, na fimbo yake.

"Umeandika?"

"Nimeandika, mzee."

Akanishika kiganja, akakibusu. Hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja. Wiki mbili nzima alikuwa akiimba bafuni.

Shaba ilipofika alitaka aishike kabla haijapoa kutoka garini, ndivyo alivyosema, ingawa ilikuwa baridi kama sufuria. Alipitisha mkono mgongoni, akaingiza vidole kwenye upenyo, akatabasamu. Kisha akaigeuza akatafuta chini kwa kidole gumba. Kidole kikapita juu ya herufi ya kwanza, kikarudi, kikapita tena. Nilikuwa nimesimama mbele yake na aproni yangu.

Alinirudishia shaba.

"Nilidhani nimestaafu," akasema.

Akaegemea kiti, akafumba macho.

"Haya, Bodil. Kesho tunatengeneza nini?"