Kadi za Binti Sonara

Kila mwisho wa mwaka Sonara huchoma karakana yake. Si jengo, jamani; huchoma matambara, ufagio, mkeka, kila kilichokaa chini ya meza ya kazi. Vumbi la dhahabu hujificha humo. Jivu likichekechwa, likatiwa tindikali na kuchujwa, hutoka punje ya kutosha pete moja. Ameifanya kazi hiyo miaka thelathini, na mikono yake haimuulizi tena ruhusa.

Ndivyo Jumanne ile alivyoingiza tanurini na boksi la viatu la marehemu binti yake.

Alijua alipokoroga jivu akakuta kibanio cha chuma kilichobana kadi zake. Alikaa pale pale sakafuni mwanamume mzima, akalia kwa sauti. Boksi alilileta mwenyewe kutoka nyumbani akaliweka chini ya meza ya kazi, kwa sababu kila akiliona chakula hakishuki. Alimwambia mkewe karakanani hakuna atakayeligusa. Kweli, hakuna mwingine aliyeligusa.

Ndani ya boksi mlikuwa na kadi mia mbili. Binti alikuwa anaandika kitabu cha alkemia, elimu ya watu wa kale waliotaka kugeuza madini ya risasi kuwa dhahabu. Kila hatua yao aliipa kadi: kuchoma, kuyeyusha, kutenga, kuozesha, kukeneka mvuke uwe maji. Halafu akazipanga chini ya rangi ambazo wazee wale walisema kitu hupitia: weusi, weupe, umanjano, wekundu. Shida ni kwamba wenyewe hawakuelewana. Huyu anahesabu hatua saba, yule kumi na mbili. Huyu ana rangi nne, yule ameutupa umanjano nje.

"Mimi nachoma, nayeyusha, nachuja, nakwenda kula," Sonara alikuwa akimtania. "Kitabu cha nini?"

"Ndiyo maana hawakutajirika, baba. Hawakukuuliza wewe."

Walicheka sana wale wawili. Kisha homa ikamchukua binti kwa siku tisa tu, na sasa ni mwezi wa tatu tangu azikwe.

Alhamisi ya wiki ile mhadhiri wa binti alifika nyumbani kwa Sonara, mama mpole mwenye miwani. Sura zote za kitabu alikuwa nazo, isipokuwa ya mwisho. Alifuata kadi ili kitabu kitoke kwa jina la binti.

Sonara hakuzungukazunguka. "Nimezichoma, mwalimu. Kwa mikono yangu."

Mkewe alimtazama kama hamjui. Mhadhiri alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Pole, mzee wangu," alisema hatimaye. "Basi tusikate tamaa. Hatua nyingine naweza kuzipanga mwenyewe. Kimebaki kimoja tu: umanjano aliuweka wapi, au aliutoa? Sura nzima inasimama hapo. Alinipigia simu akasema amepata jibu, jipya kabisa, na kwamba wa kwanza kulisikia ni baba yake."

"Si alikuwa anashinda karakanani kwako kila siku, baba watoto?" mkewe alidakia, na uso ukamchangamka kidogo. "Mwambie basi! Alikwambiaje?"

Sonara aliikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa alasiri, binti kakaa juu ya kigoda, kadi zimetandazwa mapajani, anaongea haraka haraka kwa furaha. Yeye alikuwa ameinamia pete ya bibi harusi mmoja msumbufu. Aliikumbuka pete kucha kwa kucha: jiwe la bluu, kucha sita za kulishika, ya nne ilikuwa imelegea. Alikumbuka binti alivyomgusa bega na kuuliza, "Umenielewa, baba?"

"Nilimwambia nimemwelewa," alisema.

Wanawake wawili walingoja aendelee. Mhadhiri alikuwa tayari ameshika kalamu.

"Sikuwa nasikiliza," Sonara alisema. "Nilimwitikia tu."