Aliyeiandikia Nguzo Miaka

Bwana Hesabu, mkuu wa laini kwenye shirika la umeme, alikuwa hodari wa kukadiria umri wa nguzo za umeme bila kushuka kwenye gari. Mafundi walimpa jina hilo kwa kejeli, yeye akalipokea kama sifa. Husoma mwaka uliopigwa muhuri kwenye mti, akaongeza thelathini na tano, akatoa mwaka tulio nao, basi, nguzo imeshapewa maisha. Akizidiwa na bidii humtuma dereva aigonge kwa nyundo mara mbili. Ikilia vizuri, nzima.

Sasa nguzo ya mti haiozi pale inapogongwa. Huoza chini kidogo ya usawa wa ardhi, kwenye unyevu, na asiyechimba hajui kitu, hata avae tai mbili.

Nguzo moja aliyoiandikia miaka kumi na minane ilianguka miezi minne baadaye. Aliyekuwa juu yake ni fundi wa laini, na dada yake alikuwa mkaguzi wa usalama kwenye shirika hilohilo. Kumbe ilikuwa imeshikiliwa na nyaya tu. Kaka alipokata waya wa kwanza, ikaenda naye. Ripoti ikasema eti marehemu alizembea, alipanda bila kukagua. Nani aliiandika ripoti? Huyohuyo Bwana Hesabu. Mjane alisomewa ripoti ile mbele ya watoto wake, na tangu siku hiyo mkaguzi hakutaka pole ya mtu. Alitaka Bwana Hesabu apande.

Alisubiri miaka mitatu. Ukimya wake usikudanganye. Hasira ile alilala nayo na kuamka nayo. Alizizungukia nguzo zote za Bwana Hesabu na sepetu, akichimba, akichoma kwa msumari mrefu wa kukagulia, akifukia. Nyuma ya karakana ya kuchomelea akaipata aliyoitaka: imeandikiwa miaka kumi na minane, chini imebaki ganda. Hakumwambia mtu. Ilikuwa dhambi, na aliijua.

Kwenye kikao cha usalama, mbele ya mkurugenzi mpya, akainuka kwa adabu zote. "Naomba tuweke utaratibu. Anayeiandikia nguzo miaka, siku ya kubadilisha nyaya apande yeye kwanza, akate waya wa kwanza. Mafundi watapata imani."

Bwana Hesabu aliwahi kuwa fundi wa laini ujanani, na hakuchoka kuwakumbusha watu. Akacheka. "Hata kesho, binti yangu."

Ikawa wiki iliyofuata, nyuma ya karakana. Umeme ulizimwa, mafundi wakakusanyika, na mjane wa kaka akaja kwa kuitwa na wifi yake. Bwana Hesabu akaigonga nguzo, ikalia vizuri, akafunga mkanda, akapanda kwa mbwembwe. Alipofika juu akatoa koleo la kukatia waya.

Mkaguzi akawarudisha watu ng'ambo ya barabara. Kisha akachutama, akafukua udongo kwa mkono, akauchomeka msumari kwenye shina. Ukazama hadi mpini. Akatazama juu ahakikishe ameonwa, na alikuwa ameonwa.

"Kata, mkuu," akasema.

Koleo halikusogea. "Hii nguzo imeoza."

"Imeoza vipi, nawe umeipa miaka kumi na minane? Kata."

"Binti yangu..."

"Mimi si binti yako. Kata."

Mkuki kwa nguruwe, bwana. Bwana Hesabu akaikumbatia nguzo mpaka nyaya zikawa zinaitika, asithubutu kukata wala kushuka. Mkurugenzi akafoka liletwe gari la ngazi. Mkaguzi hata hakugeuka.

"Sikuchimba," Bwana Hesabu akasema.

"Sema kwa sauti. Mjane hakusikii."

"Sikuchimba hii. Wala ile ya kaka yako. Sijawahi kuchimba hata moja. Kaka yako aliikagua, aliigonga kama nilivyomfundisha mimi. Kosa ni langu."

Mjane akaketi palepale barabarani, akalia kilio ambacho hakukilia hata msibani. Gari la ngazi likafika, mafundi wakamteremsha Bwana Hesabu kama mzigo wa vyombo vya udongo. Mkurugenzi akayaandika maneno ya Bwana Hesabu hapohapo, akaahidi mbele ya wote kwamba ripoti itafutwa na jina la marehemu litasafishwa. Hakuna alichokidai mkaguzi ambacho hakukipata.

Mjane akaja kumshika mkono. "Wifi, yamekwisha. Twende nyumbani."

Mkaguzi hakuinuka. Macho yake yalikuwa bado juu, kwenye ule waya ambao haukukatwa. Alijua, na hakuona haya, kwamba kila alipomwambia akate, hakuwa akimtisha.