Herufi Tatu za Tochi

Kazini walimwita Tulieni, kwa sababu hata maharusi aliowapiga picha aliwaamrisha hivyo, nao wakatulia. Usiku ule alikuwa amesimamisha kamera yake kwenye kilima kinachotazamana na mlima unaowaka, lakini moyo wake haukutulia. Kaka yake, zimamoto, alikuwa kule ndani na wenzake, moto umewazingira, na redio yao kimya. Kabla ya kuingia, kaka huyo ndiye aliyemwonyesha dada yake pale kilimani pa kusimama na kamera.

Mkuu wa zimamoto, hapo karibu naye, alikuwa na gari moja tu la kuwafuata, na njia mbili: ya kupanda kileleni na ya kushuka mtoni. Akikosea, basi tena. Alikuwa ameshageuka kumwambia dereva apande kileleni.

Hapo Tulieni akaona kitone cheupe kikicheza chini ya moto. Wengine walisema ni cheche. Yeye hakubishana na mtu. Aliliacha jicho la kamera wazi, akangoja, ili kila mwanga unaopita uache mstari wake. Picha ilipotoka, chini ya ndimi za moto paliandikwa: OTM.

Mkuu alikunja uso. OTM ndiyo nini?

Tulieni alicheka huku machozi yakimlengalenga. Tangu utotoni kaka huyo alikuwa akimrukia mbele ya kamera na tochi, amwandikie vijembe hewani, na kila mara vikatoka kinyumenyume, kwa sababu kulia kwa anayeandika ni kushoto kwa kamera. Tulieni alimfundisha kugeuza herufi mpaka akachoka. Wapi! Kichwa maji yule.

"Anzia kulia," alisema. "M, T, O. Wanashuka mtoni."

"Una uhakika, dada?"

"Mkuu, duniani hakuna mwingine anayekosea hivi. Ni kaka yangu."

Mkuu akamwambia dereva ashuke mtoni.

Gari lilirudi limejaa watu weusi kwa masizi, wanakohoa, lakini wote wapo. Kaka alishuka wa mwisho, meno tu ndiyo meupe, akauliza kama maandishi yamesomeka, maana safari hii, alisema kwa majivuno, alikumbuka kugeuza.

Tulieni alimkumbatia kwa nguvu, akalia bila kumwonea mtu haya. Kisha akamwambia yaleyale ya utotoni.

"Umeniharibia picha."