Maji ya Goti la Dobi

Daktari alikamua jeli juu ya goti la kulia la dobi, akaomba radhi kwa ubaridi wake, kisha akatelezesha kifaa cha ultrasaundi pembeni mwa pia ya goti. Mashine ilikuwa imesukumwa hadi kitandani kwa sababu dobi hakuweza hata kuteremka. Mke wa mwanawe alikuwa amemshika mkono. Tangu asubuhi wote wawili walikuwa wakiwaza usaha, na baada ya usaha, msumeno wa kukata mguu, ila hakuna aliyethubutu kulitamka neno hilo.

Kwenye kioo palitokea weusi mtulivu, na ndani yake bomba dogo lililokuwa likidondosha tone moja moja.

"Si usaha," daktari alisema. "Ni maji tu."

Mkwe alishusha pumzi, pazia la kitanda likatikisika.

"Unabeba maji, mama?" daktari aliuliza.

"Hadi ghorofa ya nne, mwanangu. Nguo za watu hazijifui. Mwenye nyumba ameifunga koki ya juu kwa kufuli, eti tunawamalizia maji wenye maduka ya chini."

"Basi yamejipandisha yenyewe hadi gotini."

Daktari alichoma ganzi, akaitazama sindano kwenye kioo ikiingia pale penye weusi, akavuta. Sirinji ilijaa, ya pili ikajaa, muuguzi akaenda kuleta ndoo. Maji yalitoka meupe, hayana harufu. Ndoo zilipojaa, goti lilikuwa limenywea. Dobi alikunja mguu, akaukunjua, akaukunja tena.

"Nilishasahau kama linakunjika," alisema, machozi yakimteremka taratibu.

"Yatarudi?" mkwe aliuliza.

"Akiendelea kubeba, yatarudi. Mimi nayatoa tu. Ufunguo anao mwenye nyumba."

Muuguzi alimpigia simu mwenye nyumba, akamwomba afungue koki. Mwenye nyumba alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akasema amefurahi sana kusikia kwamba wapangaji wa juu sasa wana maji yao, na kwamba kufuli litabaki pale pale.

Jioni walipofika nyumbani, dobi alichuchumaa mbele ya beseni, akaanza kusugua kola za mashati.

"Mama, si upumzike?"

"Niache kwanza nichuchumae, mwanangu. Raha yake huijui."

Mlango ukabishwa. Alikuwa jirani wa upande wa pili, jagi tupu mkononi, amekuja kuuliza goti linaendeleaje.