Chaga za Kitanda Juu ya Kibanda

Mume wangu Getsel hatupi kitu. Ukimwambia kitu kimekwisha, atakujibu kwamba Torati imekataza kuharibu, kisha anakisukumia chini ya ngazi. Sikukuu ya Vibanda ikifika, sisi Wayahudi tukijenga vibanda vya kulia chakula nje, majirani zetu wa Antwerpen wakinunua mbao mpya, yeye anafukua makorokoro yake. Kuta tatu ni milango ya kabati la marehemu mama yake, ya nne ni pazia la bafu lenye picha za bata. Mimi hucheka tu, maana ukuta hauna masharti.

Ila safari hii tulikuwa na wageni. Wazazi wa Lipa, kijana aliyemposa binti yetu Frumet, walikuja kula kwetu usiku wa kwanza. Uchumba ulikuwa haujatangazwa, na Mzee Zanvel, babake Lipa, anajulikana mji mzima: penye shaka hali, hanywi. Akikataa chakula changu, watu watauliza sababu, na posa ndiyo basi tena.

Walifika jua bado lipo. Mzee akaingia kibandani, akatazama juu, akaganda.

"Getsel ndugu yangu, hizi si chaga za kitanda?"

"Ndizo!" Getsel akachekelea. "Mianzi ya mwaka jana imeoza, mara kitanda cha Frumet kikavunjika. Mungu si mwema?"

Mungu wangu! Hata mtoto wa chekechea anajua: paa liwe la kitu kilichoota ardhini, na kisiwe kimewahi kuwa chombo cha nyumbani. Kitanda ni chombo hata kikivunjika. Tena jua likizama sikukuu imeingia, hakuna kujenga.

"Baba Frumet, umetumaliza!"

"Mbao si mbao jamani?"

Frumet akaanza kulia. Hapo nikakumbuka jirani yetu alikata ua wake wa misonobari asubuhi, matawi yote kayatupa kwenye pipa kubwa barabarani. Nikamgongea mlango.

"Chukua," akasema, "hata pipa chukua!"

Mimi huyu, ninayemgombeza Getsel kila siku kwa kuokota vya jalalani, nikajitosa kichwa mbele na gauni langu la sikukuu. Miguu hewani!

"Mama Frumet, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Yachet, mama yake Lipa.

"Humu!"

"Sogea basi!" Akapandisha sketi yake ya hariri, naye huyo ndani. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tukarusha matawi, Lipa akayadaka na kumpa Frumet aliyekuwa juu ya ngazi. Getsel akang'oa chaga huku ananong'ona, "Hizi zitafaa kwa..."

"Thubutu!" tukamkemea sote.

Tawi la mwisho likapanda, jua likazama. Mzee Zanvel akazunguka kibanda kizima, shingo juu. Sindano za msonobari zikamdondokea kofiani. Akamtazama mkewe, nywele zimejaa majani, bado anacheka kama msichana. Akaketi. Akabariki divai, akanawa, akamega mkate, akautafuna taratibu.

"Mkwe," akaniita, "kwani supu haipo?"

Frumet akapiga kigelegele, nami nikakimbilia jikoni machozi yakinitiririka.